Taa Kuwaka Si Kazi Kuisha

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza sehemu ya pili iko wapi. Itakuja. Leo naomba mniruhusu niiweke kando, kwa sababu nimerudi kutoka nyumbani Magunga nikiwa na hasira, na hasira ikikaa sana tumboni humla mwenyewe. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu, kwa hiyo msiogope.

Kwa wasiopajua, Magunga iko Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay, upande wa vilima vya Gwassi, ziwa likiwa chini yetu. Ni mahali pa omena, mawe na radi. Mawe na radi myakumbuke, nitayarudia baadaye.

Nilifika usiku. Asubuhi nikaingia jikoni kwa Mama kutafuta maziwa ya chai. Nimenyoosha tu mkono kwenye mlango wa friji, nikasikia, "Ngoja! Vaa kwanza viatu vya friji."

Viatu vya friji? Nikatazama chini. Kando ya friji kulikuwa na sapatu mbili za mpira, zimepangwa vizuri kama za mgeni. Mama akanieleza bila wasiwasi wowote, vile unavyomwonyesha mtu choo kiko wapi. Friji inauma. Si sana, kama siafu hivi. Lakini ukiwa miguu mitupu na sakafu imelowa, inauma zaidi. Kwa hiyo ukitaka kuifungua unavaa sapatu. Imekuwa hivyo tangu mvua za mwezi wa nne. Alimwambia jirani, jirani akasema hata yake hufanya hivyo, ndiyo tabia ya stima.

"Stima ina meno, wuoda," Mama akasema. "Si wewe ndiye uliisomea?"

Sikuisomea. Nilisomea kompyuta, lakini kijijini ukisoma chochote chenye waya umesoma vyote. Na kibaya zaidi, aliyeweka stima katika jiko hilo ni mimi.

Maungamo

Nyumba kubwa ya Mama iliwekwa waya mwaka 2016 na fundi wa huko huko. Jiko lake ni banda la mabati, limesimama peke yake hatua chache kutoka mlango wa nyuma, kama majiko mengi ya kwetu. Halikuwa na stima. Mwaka 2021 nilikuwa likizo, nikaamua kulifanya la kisasa. Nikaweka sakafu ya simiti, meza ya kukatia mboga, sinki, taa moja na soketi mbili. Friji ikahama kutoka sebuleni. Fundi aliniambia bei ya kazi ya stima nikaona ananionea kwa sababu natoka Nairobi. Nikasema hii ni kazi gani ya kunishinda? Nikatazama YouTube jioni mbili, nikaenda dukani.

Mwenye duka aliniuliza swali moja tu. "Waya wa mbili ama wa tatu?"

Nikauliza tofauti ni nini.

"Wa tatu una ule wa kijani. Watu wengi huchukua wa mbili, zote zinawasha."

Tofauti ya bei ilikuwa kama bei ya kuku mmoja. Nikachukua wa mbili. Nikautoa kwenye soketi ya sebuleni, nikauvusha hadi jikoni, nikatoboa bati kwa msumari na nyundo, nikaupitisha hapo. Nikabonyeza swichi. Taa ikawaka! Mama akapiga kigelegele, nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Wajomba wakanipongeza. Fundi akawa ameokoa muda wake na mimi nikawa nimeokoa pesa zangu.

Mimi, mtu ambaye kazini humgombeza kijana anayepeleka programu kwenye seva bila kuijaribu, nilipeleka volti 240 jikoni kwa mama yangu kwa jaribio moja: taa imewaka.

Jaribio bovu kuliko yote

Waandishi wa programu wenzangu wanaijua ile kauli, "kwangu inafanya kazi." Ukiisikia ujue msemaji amejaribu njia moja tu, ile aliyotaka ifaulu. Hakujaribu mtumiaji akikosea, mtandao ukikatika, hifadhi ikijaa. Kauli hiyo hiyo ndiyo inayotawala kazi za stima vijijini kwetu, ila huko inaitwa "taa imewaka". Taa ikiwaka, fundi analipwa, mwenye nyumba anashangilia, na aliyeleta stima anaandika kwamba nyumba moja zaidi imepata mwanga.

Sasa hebu tuulize taa inathibitisha nini hasa. Inathibitisha kwamba stima imefika na imepata njia ya kurudi. Basi. Waya wa tatu, ule wa kijani ambao mafundi huuita ethi, taa haiujui kabisa. Ukiukata taa itawaka. Usipouweka taa itawaka. Ukiufunga kwenye mguu wa mbuzi taa itawaka. Waya huo hauna kazi siku zote ambazo mambo ni mazuri. Kazi yake ni siku moja tu, na siku hiyo huwezi kurudi dukani.

Nieleze kwa kifupi, maana nimegundua hata watu wa teknolojia hawajui (mimi nikiwa wa kwanza). Friji, birika la stima, pasi, jiko la koili, vyote vina mwili wa chuma. Ndani yake mna waya wenye stima uliovikwa ganda la plastiki. Ganda hilo likichubuka, waya ukagusa chuma, chuma chote kinakuwa na stima. Kama ethi ipo na njia yake ya kurudi ni nzuri, stima nyingi inakimbilia huko ghafla, breka inakatika, unajua kuna hitilafu. Kama ethi haipo, hakuna kinachotokea. Breka imetulia, taa inawaka, friji inagandisha barafu. Chuma kinangoja tu mkono wa mtu ambaye miguu yake iko chini, ili mtu huyo awe ndiye njia ya kurudi.

"Lakini mimi nina breka," utaniambia. Hapa ndipo nataka usome polepole. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Hailindi mtu. Tufanye hesabu. Mwili wa mtu mwenye mikono iliyolowa tuukadirie kuwa na ukinzani wa omu 1,000. Volti 240 ukigawa kwa 1,000 unapata ampea 0.24, yaani miliampea 240. Balbu ya zamani ya wati 60 hula miliampea 250. Mtu anayekufa kwa stima, basi, anakula stima kidogo kuliko balbu! Breka ya soketi imeandikwa ampea 32. Kwake wewe ni balbu moja ndogo imewashwa jikoni. Itakatika kwa sababu gani? Na mwili hauhitaji hata hizo 240. Miliampea 30 hivi zinatosha misuli ikaze na pumzi ibane, na zikizidi na kuendelea kupita kifuani moyo hupoteza mpigo wake.

Mama alikuwa hai kwa sababu mbili. Ganda la waya ndani ya friji lilikuwa limechubuka, halijaisha. Na alikuwa na sapatu. Mama yangu, ambaye hakumaliza darasa la saba, alijitengenezea kinga kwa mpira wa viatu, kinga ambayo mwanawe mwenye digrii hakumwekea.

Nondo ya radi

Nikazunguka nyuma ya nyumba kubwa kutafuta ile nondo ya shaba inayopigiliwa ardhini, ambayo waya wa ethi huishia. Nondo zinazouzwa kwa kawaida zina urefu wa futi nne. Niliikuta. Nikaishika, ikatoka mkononi kama muhogo. Ilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole. Fundi wa mwaka 2016 alikutana na mawe ya Gwassi, akapiga mara chache, akaona inakataa, akaikata. Na waya uliotoka kwenye nondo hiyo haukufungwa popote. Ulikuwa umeingizwa ukutani, mwisho wa safari.

Nilimpigia simu. Hakukana. "Mkubwa, hiyo ni ya radi tu," akasema. "Na hapo kwenu radi haijawahi kupiga."

Sikuweza hata kumkaripia. Wengi kwetu huamini hivyo. Tunaishi ukanda wa ziwa wenye radi nyingi, kwa hiyo chuma chochote kilichochomekwa ardhini tunadhani ni cha radi. Hapana. Nondo hiyo haitakukinga na radi, na usidanganywe. Kazi yake ni ile ya friji niliyoieleza. Na mwamba unapokataa nondo, jawabu si kukata nondo. Jawabu ni kutafuta udongo wenye unyevu mahali pengine uani, au kupigilia nondo mbili na kuziunganisha.

Nani alikagua?

Sasa nigeukie wakubwa kidogo, maana haya yote hayakutokea nyumbani kwetu peke yake.

Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa Last Mile. Bei ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma zikalengwa. Naomba nieleweke: mradi huo ulikuwa jambo jema. Kwa 35,000 Mama angekuwa anatumia koroboi hadi leo. Siandiki haya kudharau stima ya vijijini kama wale wanaoishi Kilimani na hawajawahi kununua mafuta ya taa ya shilingi ishirini.

Lakini angalia mafanikio yalipimwaje. Kila hotuba ilitaja idadi ya waliounganishwa. Nyumba inahesabiwa siku meta inapowekwa na balbu inapowaka. Sijasikia mwanasiasa hata mmoja akisimama jukwaani akataja ni nyumba ngapi zina nondo iliyopimwa. Ukipima watu kwa taa, watakupa taa.

Sheria zipo, tena nzuri. Kazi ya waya inatakiwa ifanywe na fundi mwenye leseni, na tangu Sheria ya Nishati ya 2019 wenye kutoa leseni hizo ni EPRA. Kabla ya stima kuingia, lazima iwepo karatasi ya kuthibitisha kwamba waya zimekaguliwa. Karatasi yetu ipo, nimeiona kwenye bahasha ya Mama pamoja na hati za shamba. Imesainiwa na mtu ambaye Mama hajawahi kumwona. Hakufika. Aliuza saini yake na mtu mwingine akaileta, kama unavyotumiwa tokeni kwenye simu.

Na hata kama angefika, angekagua nyumba kubwa ya mwaka 2016. Jiko nililiongeza 2021. Nani anarudi kukagua jiko? Hakuna. Meta ikishafungwa, mwenye nyumba ndiye fundi, ndiye mkaguzi, ndiye mlalamikaji. Nyumba inaendelea kukua. Leo soketi ya jokofu la soda, kesho taa ya banda la kuku, keshokutwa chumba cha kijana aliyebalehe. Kila kipande kinaongezwa na mtu kama mimi, akiwa na bisibisi na ujasiri.

Majibu kwa wabishi

Najua maoni yatakayokuja, kwa hiyo nijibu mapema.

Kuna watakaosema, "Hayo ndiyo matokeo ya kujifanya fundi. Ungeita fundi." Fundi tulimwita 2016, na nondo yake ndiyo hiyo kama muhogo. Kumwita fundi bila kujua cha kumuuliza ni sawa na kununua programu kwa sababu ina nembo nzuri. Sisemi watu wafanye wenyewe, na mimi mwenyewe sitarudia. Ninasema mwenye nyumba lazima ajue kukagua, awe ameshika bisibisi yeye au ameishika mwingine.

Wengine watasema, "Tumeishi hivi miaka mingi na hakuna aliyekufa." Hawa ni jamaa za wale wasiotunza nakala rudufu kwa sababu diski haijawahi kufa. Uliza vizuri katika kijiji chako, utasikia habari ya mtu aliyekutwa kwenye kamba ya nguo. Kamba ya waya imefungwa kwenye bati, bati limekata ganda la waya wa stima, nguo ni mbichi. Nilipofungua tundu langu la msumari jikoni nilikuta makali ya bati yamekula ganda hadi likabaki kama karatasi ya sigara. Msumari wa kamba ya nguo za Mama ulikuwa kwenye ukuta huo huo. Sikulala vizuri usiku huo.

Na wapo watakaosema, "Ajali haina kinga." Methali hii naiheshimu, lakini kwa jambo hili imetuua vya kutosha. Ajali hii ina kinga. Inauzwa dukani, na juu yake pameandikwa RCD.

Kifaa kinachochukiwa

RCD ni kifaa kinachokaa kwenye boksi la breka na kufanya kazi moja ya kihasibu. Kinahesabu stima inayotoka na stima inayorudi. Kama hesabu haiwiani, maana yake kuna inayopotelea mahali, pengine kwenye mwili wa mtu. Ile ya kulinda watu hukata tofauti ikifika miliampea 30, na tofauti ikiwa kubwa zaidi, kama ile inayopita kwenye mwili, hukata ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Niliyonunua ilikuwa chini ya nauli yangu ya kutoka Nairobi na kurudi.

Safari hii nilimleta fundi mwenye leseni, nikaiona leseni kwa macho yangu. Akang'oa waya wangu wa mbili, akaweka wa tatu wa milimita mraba 2.5, ndani ya paipu, kutoka kwenye boksi la breka moja kwa moja. Akapigilia nondo mpya. Kisha akatoa kipimo cha ardhi na kuniandikia namba: omu 180. Tukahamia nyuma ya bafu ambako maji humwagika kila siku, nondo mbili zikaunganishwa: omu 38.

Fanya hesabu tena uone kwa nini RCD ni lazima kwenye mawe kama yetu. Pale ambapo ardhi ndiyo njia pekee ya kurudi, volti 240 kwa omu 38 ni ampea 6 na kidogo. Breka ya 32 haitakatika hata hapo! Nondo nzuri peke yake haitoshi. Lakini miliampea 30 zinapatikana upesi sana, na RCD inakata. Nondo na RCD ni ndugu, hufanya kazi vizuri zaidi wakiwa pamoja.

Tukawasha. Taa ikawaka. Tukachomeka vifaa. Pap! Giza.

Tukarudisha. Pap! Giza tena. Hapo sasa ndipo niliposikia sauti za familia. Mjomba akasema kifaa hicho ni kibovu, cha zamani kilikuwa hakisumbui. Binamu akasema jirani yake alikuwa nacho, fundi akakiruka kwa kipande cha waya, na tangu hapo stima yake ni safi. Fundi wangu alinitazama kuona nitasema nini, kwa sababu ameshaombwa kazi hiyo mara nyingi.

Wenye kuandika programu mnaijua hali hii. Jaribio linafeli, bosi anataka kazi leo, mtu mmoja anasema tulifute hilo jaribio. Kengele ikilia tunamfukuza mpiga kengele.

Tukafanya tunachofanya tukisaka hitilafu kwenye programu. Tukachomoa vitu vyote, tukarudisha kimoja kimoja. Chaja ya simu, kimya. Birika, kimya. Friji, pap! Nyuma ya friji, karibu na kompresa, waya ulikuwa umesuguana na ukingo wa chuma hadi ukabaki uchi upande mmoja. Kifaa kibovu alichokilaani mjomba kilikuwa kimetuonyesha kwa dakika kumi jambo ambalo Mama alilivalia viatu kwa miezi.

Basi ufanye nini?

Sitaki kuwaacha na hasira tupu. Haya ni ya mtu wa kawaida:

1. Tazama boksi lako la breka leo. Kuna kifaa chenye kitufe kidogo kilichoandikwa herufi T? Kibonyeze, kisha fanya hivyo kila mwezi. Kisipokata stima, ni kibovu au kimerukwa. Kama hakipo kabisa, ndicho kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya soketi nyingine yoyote.

2. Zima swichi kuu, hakikisha hakuna kinachowaka, kisha umwombe fundi afungue soketi moja ya jikoni mbele yako. Hesabu waya. Zikiwa mbili, umeshajua. Zikiwa tatu usishangilie bado, fuata ule wa ethi hadi mwisho wake. Wetu uliishia ukutani.

3. Usidanganywe na testa. Ile bisibisi yenye taa inakuonyesha stima ipo, haikuonyeshi usalama. Hata multimita inaweza kusoma volti 240 kati ya stima na ethi mbovu, kwa sababu yenyewe haivuti stima ya kutosha kuijaribu njia. Kinachopima ardhi ni kipimo cha ardhi, na fundi mwenye leseni anatakiwa kuwa nacho.

4. Jiko lina njaa, lihesabie. Birika la wati 2,000 linakula ampea 8 na kidogo. Koili ya wati 1,500 inakula 6 na robo. Ukiziweka pamoja kwenye ekstensheni moja umepita 13, ambayo ndiyo fyuzi ya plagi. Fyuzi ikiungua inakwambia kitu. Ukiziba kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya, kinachofuata kuungua ni ekstensheni, kisha meza, kisha paa.

5. Rangi za waya zina matoleo mawili. La zamani: nyekundu ina stima, nyeusi ni ya kurudi. Jipya: kahawia ina stima, buluu ni ya kurudi. Uingereza walihamia jipya kati ya 2004 na 2006, na madukani kwetu bado utakutana na yote mawili, mara nyingine ndani ya nyumba moja. Ukiona mchanganyiko usikisie. Kwenye stima ya fezi tatu weusi wa zamani na weusi wa sasa ni vitu viwili tofauti kabisa, na anayekisia anaweza kukisia mara moja tu.

6. Waya ukipita kwenye bati, upite ndani ya paipu. Na kamba ya nguo isifungwe kwenye ukuta huo, hata kama waya ni mpya.

7. Meta na kila kilicho kabla yake si chako. Usifungue, usivute, usijaribu. Hapo hakuna breka yako itakayokuokoa.

8. Na hili ndilo kubwa. Usimlipe fundi kwa taa. Mlipe kwa namba. Kubaliana naye mapema kwamba theluthi ya mwisho ya pesa inatoka siku atakapokuandikia ukinzani wa ardhi kwa omu, na kubonyeza kitufe cha RCD mbele yako. Fundi mzuri atafurahi, maana hatimaye amepata mteja anayeona kazi yake. Fundi mbaya atasema hiyo ni ya radi tu.

Nikimaliza: watu wa kaunti na wa serikali wakija kijijini kwenu kuhesabu taa, waulizeni namba hiyo hiyo. Nyumba ngapi zilipimwa? Zilizosainiwa karatasi, mkaguzi alifika ngapi? Hatuombi kitu kigeni. Tunaomba kazi ambayo tumeshailipia iishe.

Friji ya Mama ilitengenezwa kwa nusu siku. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta jikoni, sakafu imelowa, anatoa maziwa. Alikuwa bado amevaa sapatu zile. Nikamwambia, Mama, sasa hazihitajiki, friji haiumi tena. Akanitazama, akatazama friji, akatazama miguu yake.

"Nimesikia," akasema. "Lakini hata mara ya kwanza uliniambia imekuwa sawa."

Sikuwa na jibu. Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja wiki ijayo, nikijaliwa.